Kichaka Kilichodhaniwa Kitupu



Wengi wetu twaijua Mtito Andei kwa jambo moja tu: ndipo mahali basi la Nairobi lisimamapo, abiria wakashuka kunyoosha miguu, wakaswali, wakanywa chai, kisha dereva akapiga honi na safari ikaendelea. Tumepita hapo miaka na miaka, wala hatukupata kujiuliza jina lile lina maana gani. Tulikuja kuelezwa mwaka juzi na mzee mmoja wa Kibwezi, ambaye ndiye mwenyeji wetu katika makala haya. Kwa Kikamba, alisema, msitu ni mutitu, na andei ni tai wale walao mizoga. Mtito Andei, basi, ni Msitu wa Tai.

"Na hao tai wako wapi, babu?" akauliza binti yetu mdogo.

Mzee aliinua uso akaitazama mbingu, nayo ilikuwa nyeupe wala haina kitu. "Nilipokuwa na umri kama wako, mjukuu wangu, nilikuwa nikiwahesabu mpaka nachoka."

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya malezi, afya na mambo ya nyumbani, na huenda msomaji akastaajabu kuona juma hili twazungumza juu ya ndege wa Ukambani. Twamwomba avumilie kidogo. Mambo tuliyoyaona huko yametufuata hadi jikoni kwetu Mombasa, na ndiyo sababu tukaona hatuna budi kuyaandika.

Jambo lenyewe lilianza kwa aibu. Watoto wetu, tulipowaambia wataje ndege watano wanaowajua, walitaja kuku, njiwa wa msikitini na kunguru, kisha wakanyamaza. Wala hatuwezi kuwalaumu. Kunguru huyu aliyejaa mijini kwetu si wa asili ya pwani. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaenea mwambao mzima. Ni mwizi wa mayai na makinda, na popote alipozidi, ndege wadogo wamepungua. Mtoto azaliwaye leo katika mitaa yetu huona anga lenye ndege wa aina moja, akadhani ndivyo anga lilivyo.

Tukaamua kuwapeleka mahali penye ndege. Kwa kuwa tuna ujamaa wa zamani na nyumba ya mzee wetu huyu, tulichagua Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Safari yake ni nyepesi: garimoshi la asubuhi litokalo Mombasa na kusimama katika vituo vya njiani hukushusha Kibwezi kabla jua halijageuka sana. Tulipomweleza mzee nia yetu alicheka, akatupa nasaha ambayo ndiyo iliyoongoza mwaka wetu mzima. "Msije siku moja mkarudi mkasema mmeona," alisema. "Chagueni mahali pamoja, padogo, mje hapo hapo kila msimu. Mahali hapamjui mtu aliyekuja mara moja."

Tukachagua kichaka.

Mji wa Kibwezi umepakana na msitu. Ni msitu wa ajabu kidogo, kwani nchi ile ni kavu, ya mibuyu na miiba, lakini chini yake pana miamba ya volkano iliyotoka katika vilima vya Chyulu. Mvua inyeshayo Chyulu haitiririki juu ya ardhi. Hudidimia katika miamba ile yenye matundu, ikasafiri gizani, kisha ikatokeza mbali kama chemchemi. Chemchemi za Umani, ndani ya msitu wa Kibwezi, ni maji hayo. Chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ni maji hayo hayo, na kutoka Mzima ndiko litokako bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 kuleta maji Mombasa. Kwa hiyo watu wengi wa mji wetu, wachukuapo udhu au waandaapo chai ya jioni, hutumia mvua ya Chyulu. Hatukuwa tukilijua hilo sisi.

Ndani ya msitu muna tembo na nyati, wala haifai kuingia bila askari wa msitu. Sisi tulibaki nje, ukingoni, mahali ambapo mji unakwisha na miti haijaanza. Hapo pana kijito cha msimu, na kando yake palikuwa na kichaka chenye urefu wa hatua kama sitini, cha miiba na mitambazi iliyosongamana hata mbuzi akiingia ni lazima atafutwe. Kilikuwa katika shamba la jirani wa mzee. Tulikaa chini ya mkwaju, mkabala wake, tukiwa na darubini moja ya kupokezana na daftari la shule.

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa Novemba. Kwetu pwani masika ndiyo mvua ya kutegemewa, lakini Ukambani ni kinyume: vuli ndiyo imtiayo mkulima moyo, na mahindi, mbaazi na kunde za Kitui na Makueni hutazamia zaidi mvua hiyo. Ilikuwa imenyesha usiku. Alfajiri, baada ya swala, tulitoka na kanzu zikalowa umande. Kichaka kilikuwa kikizungumza. Hatuna neno jingine. Ndani ya majani mabichi mlikuwa na sauti kumi, kumi na tano, wala hatukumwona hata mmoja wa wenye sauti hizo kwa muda wa nusu saa. Kisha jua likapanda na wakaanza kutokeza. Alikuja shore na kilemba chake cheusi, wakaja chozi wawili wakigombea ua moja, wakafuata kuzumburu na mikia yao mirefu kama vijiti. Baadaye alitua chini, hatua chache kutoka miguuni mwetu, ndege wa rangi ya udongo wa tofali mwenye shungi la kufunguka na kufungika kama upepeo. Kijana wetu akanong'ona, "Hudhud!" Wote walikuwa wamesimuliwa kisa cha Nabii Suleiman na yule hudhud aliyemletea habari za Sabaa, hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ndege huyo yuko Kenya, anachokoa funza katika shamba la kunde.

Mchana kumbikumbi walitoka ardhini, na juu yao wakaja vipanga. Hatukuweza kuwahesabu. Walikuwa wadogo, wa kijivu, wepesi, wakiwanyakua kumbikumbi hewani kwa kucha na kuwala huku wakiruka. Hao ni vipanga wa Amur, wazaliwao Siberia ya mashariki na kaskazini mwa Uchina. Kila mwaka hupitia Bara Hindi, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa siku kadhaa bila kutua, wakaingia Afrika Mashariki na kuendelea kusini. Tulipowaeleza watoto kwamba ndege hao huvuka bahari wakisukumwa na upepo wa kaskazi, binti yetu alisema, "Kama majahazi." Naam, kama majahazi. Upepo uliowaleta mababu na tende na mazulia ndio uwaletao hawa, na msimu ni ule ule.

Usiku ule mzee alitupa kisa cha Ngulia. Ngulia ni vilima vilivyo ndani ya Tsavo Magharibi, si mbali sana na Mtito Andei. Mwaka 1969 ilifunguliwa hoteli juu ya ukingo wa vilima hivyo, ikawekewa taa za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji. Mara ikaonekana jambo lisilotarajiwa: katika usiku wa Novemba na Disemba usio na mwezi, ukungu ukishuka, maelfu ya ndege wadogo waliokuwa wakisafiri gizani hupotewa na njia, wakavutwa na mwanga ule. Wataalamu, miongoni mwao Graeme Backhurst na David Pearson, wakaanza kuwanasa kwa nyavu laini, kuwapima, kuwavisha pete ndogo ya madini yenye nambari mguuni, na kuwaachia. Kazi hiyo imeendelea kwa miongo mingi, na ndege waliovishwa pete ni mamia ya maelfu. Pete za Ngulia zimekuja kupatikana Ulaya na Uarabuni, na kila moja imefungua ukurasa katika elimu ya safari za ndege.

Miongoni mwa wageni hao yumo mmoja mdogo wa kahawia, aimbaye akiwa Ulaya katika majira yao ya joto. Katika miaka ya 1970 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alizisikiliza nyimbo zake nchini Ubelgiji, akagundua kwamba ndege huyo hana wimbo wake mwenyewe wa kutajika. Huiga sauti za ndege wengine. Kila dume, kwa wastani, aliiga aina 76, na zaidi ya nusu ya hizo walikuwa ndege wa Afrika. Kwa maneno mengine, ndege huyu huja kwetu akakaa vichakani akisikiliza, kisha huenda akazisimulia sauti zetu kwa watu wasiozijua.

Na yumo mwingine, ambaye jina lake lilitufanya tunyanyue vichwa: ndege wa Basra. Huzaliana katika matete ya mabwawa ya kusini mwa Iraki, pale Furati na Dajla zikaribiapo kukutana, na wakati wa baridi huja Kenya, Tanzania na nchi za kusini kidogo. Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraki ya wakati ule iliyakausha mabwawa hayo karibu yote. Watu wa matete walihama, na ndege wakakosa pa kujenga. Baada ya 2003 maji yalirudishwa sehemu nyingi, na matete yakaota tena. Hata hivyo ndege huyu bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Msomaji atazame ugumu wa maisha yake: anahitaji nyumba mbili, moja Basra na moja huku kwetu, na ikivunjwa moja, ile iliyosalia haimfai kitu.

Hatudai kwamba tulimwona. Wanaowajua husema ndege wa kahawia wa vichakani hawatambulikani vyema mpaka wawe mkononi. Lakini tulipokitazama kichaka chetu asubuhi ya pili, tulikitazama kwa heshima nyingine.

Januari tulirudi, ila safari hii tulipita tu Kibwezi kuwajulia hali wenyeji wetu, tukaendelea kwa barabara ya lami iendayo Mutomo hadi mji wa Kitui. Ni njia ya mibuyu mikubwa iliyobeba viota vya vijiti kama mizigo ya kuni iliyosahauliwa juu. Ndiyo nchi waliyotoka misafara ya Wakamba ya karne ya 19, waliokuja na pembe hadi Rabai na Mombasa. Kujuana kwetu nao si kwa jana. Hata lugha yashuhudia: watu wa Lamu na washairi wetu wa kale humwita ndege nyuni, na Mkamba humwita nyunyi.

Kitui tulikwenda kumtafuta ndege mmoja ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Kenya: katika mabonde ya kusini na mashariki mwa Mlima Kenya, na huku Machakos na Kitui. Vitabu vimempa jina la Hinde, daktari na mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeishi Ukambani na mkewe mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Wataalamu walimwandika mwaka 1900. Ni ndege wa kahawia mwenye macho mekundu na madoa meupe yaliyotapanyika, na ajabu yake ni kwamba hakuna wawili wafananao. Kila mmoja ana madoa yake kama mtu na alama za vidole vyake.

Tuliwaona saa mbili asubuhi, katika bonde la mto Kalundu, ukingoni mwa mji, nyuma ya nyumba ambako magari na redio zilisikika wazi. Walikuwa saba. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, kwa maana hawana siri: hubishana, huitana, hupigiana kelele kama watu wa harusini. Ndege hawa huishi kwa ukoo. Wawili huzaa, na waliobaki, wengi wao watoto wakubwa wa miaka iliyopita, husaidia kuwalisha makinda na kulinda mipaka ya nyumba yao. Mama wa watoto aliwatazama kwa muda mrefu, akasema kwamba amewajua watu wa namna hiyo tangu utotoni, katika nyumba ya bibi yake, Kibokoni.

Wanachohitaji ni kichaka tu. Hata kichaka cha mimea ya kigeni iliyojiotea kando ya kijito kinawatosha, mradi kimesongamana. Na hicho ndicho wanachonyimwa, kwa sababu kando ya kijito ndipo penye udongo mzuri wa sukuma na nyanya. Ukoo wote, pamoja na mipaka yake na ugomvi wake, waweza kukaa mahali ambapo mtu mmoja mwenye panga atapamaliza kwa siku mbili.

Aprili ilikuwa safari ya kuaga. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha kidogo, si kama ya kwetu. Mbayuwayu walijipanga juu ya nyaya za umeme za Kibwezi, mamia yao, kila mmoja akigeuza kichwa kama msafiri anayetazama kama gari limefika. Kesho yake nyaya zilikuwa tupu. Katika kichaka sauti zilikuwa zimepungua nusu, na waliosalia walikuwa wenyeji. Kijana wetu aliandika katika daftari, "Wageni wameondoka," akaweka tarehe.

Agosti hatukutaka kwenda. Tulikwenda kwa sababu tulikuwa tumeahidi. Wakati huo Kibwezi huwa na mawingu na upepo wa baridi, lakini mvua hakuna, na nchi yote imegeuka rangi ya majivu. Kichaka chetu kilikuwa kimepukutisha majani. Tuliweza kuona upande wa pili. Daftari la Novemba lilikuwa na ndege wa aina 31. Siku ile tuliandika 9, na kati ya hao mmoja alikuwa jogoo wa mzee, ambaye binti yetu alisisitiza ahesabiwe. Hondohondo alilia mara mbili akanyamaza. Kwa kweli tulichoka, tukaondoka mapema. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu yaliyofuata hayakufanywa na mtu mwenye roho mbaya kuliko sisi. Sisi pia, mwezi ule, tulikitazama kichaka tukaona hakina kitu.

Tuliporudi Novemba, mkwaju wetu ulikuwepo. Kichaka hakikuwepo. Palikuwa na duara jeusi ardhini, mahali ambapo tanuri la makaa lilikuwa limefukiwa na kufukuliwa, na mistari ya mahindi yaliyokwisha kuota. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kama mwaka uliotangulia. Tulikaa chini kwa mazoea, tukasubiri. Kando ya kijito yalisalia matawi machache. Ndege mmoja wa kahawia, sijui wa wapi, alikuja akaingia humo, akatoka, akaingia tena upande mwingine, akatoka, kisha akaruka kwenda zake. Binti yetu alilia. Hatukumkataza.

Jirani mwenye shamba ni kijana, baba wa watoto watatu, mtu mwungwana. Alitupokea na kututilia maji ya kunawa. Tulimwambia kwamba pale palikuwa na ndege wengi.

"Mwezi wa tisa hapakuwa na kitu pale, mama," alimjibu mama wa watoto. "Miiba tu. Na mimi nilidaiwa karo."

Hatukuwa na jibu. Kisha naye akauliza, bila ukali wowote, "Makaa yenyewe nilimuuzia mtu wa lori la Mombasa. Kwani nyinyi kule mnapikia nini?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo makala haya yalipozaliwa. Maana sisi tunapikia makaa. Tuna jiko la gesi, lakini mikate ya mofa haiwi mikate ya mofa bila makaa, na mishikaki vivyo hivyo, na gunia husimama nyuma ya mlango wetu wa uani. Hatukuwahi kuuliza limetoka wapi, sawasawa na ambavyo hatukuwahi kuuliza maana ya Mtito Andei. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti hiyo, na watu wengi wa mijini tulilalamika kwamba bei imepanda. Hatusemi kwamba marufuku peke yake ni dawa. Haimlipii mtu karo. Twasema tu kwamba moshi wa jiko letu una mwanzo, na sisi tumepaona mahali pa mwanzo huo.

Ama wale tai wa Mtito Andei, habari yao ni ya namna hiyo hiyo. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwamaliza. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba au fisi hutia sumu ya wadudu katika mzoga ili alipe kisasi, na tai, ambao kazi yao ni kuisafisha nchi, hushuka kwa makundi wakala wakafa pamoja. Mzoga mmoja waweza kuua makumi. Tai mgongo-mweupe, aliyekuwa wa kawaida kabisa sehemu nyingi za Afrika, mwaka 2015 aliingizwa katika daraja ya mwisho ya hatari kabla ya kutoweka. Jina la mji limebaki. Wenye jina wanakwisha, nasi tunakunywa chai hapo.

Lakini hatutaki kukuacha na huzuni tupu, kwa sababu habari nyingine nayo ni ya kweli. Wale vipanga wa Amur wasafiripo hupumzika Nagaland, mashariki ya Bara Hindi. Mwaka 2012 ilijulikana duniani kwamba wanakijiji wa huko huwanasa kwa nyavu kwa maelfu na kuwauza kwa chakula. Wazee wa vijiji, viongozi wa dini zao na watu wa hifadhi walikaa wakazungumza. Mwaka uliofuata, 2013, uwindaji ule ulikoma, na waliokuwa wakiwanasa wakawa walinzi wao. Hilo lilitendeka kwa mwaka mmoja. Vipanga tuliowaona Kibwezi wakila kumbikumbi yamkini walipita juu ya mikono ya watu hao.

Jirani yetu wa Kibwezi, tulipomsimulia hilo, alinyamaza. Baadaye alitutembeza hadi kijitoni akatuonyesha kipande alichokuwa bado hajakigusa, pale ukingo unapobomoka. Alisema atakiacha, si kwa ajili ya ndege, bali kwa kuwa maji yanakula shamba lake. Tulisema sababu hiyo inatosha. Kichaka hakiulizi kimeachwa kwa nini. Hatujui kama kitarefuka tena kufikia hatua sitini. Tutakwenda Novemba kutazama.

Kwa wazazi watakaopenda kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza. Chagueni mahali pamoja mpajue, hata kama ni bustani ndogo au ufuo wa mikoko karibu na nyumbani. Nendeni mapema, baada ya swala ya alfajiri, kwa kuwa ikifika saa nne ndege wamekwisha jificha. Vaeni nguo zisizong'aa, mkae chini, mkanyamaze. Mtoto wa miaka sita anaweza kunyamaza robo saa akipewa darubini. Andikeni tarehe, mvua na upepo, na siku zisizo na kitu ziandikeni pia. Watu wa Nairobi wana matembezi ya ndege ya Nature Kenya kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na anayetaka daftari lake liwafae wataalamu anaweza kupeleka taarifa zake katika mradi wa Kenya Bird Map. Na mkipita Mtito Andei, kabla honi haijapigwa, inueni macho juu mara moja.

Nasi nyumbani tumepatana hivi: gunia likiisha halinunuliwi jingine. Mikate ya mofa tutaila sikukuu, kwa makaa ya vifuu vya nazi, ambavyo vimejaa pwani hii nzima tukivitupa. Bibi wa watoto amesema haitakuwa na ladha ile ile. Pengine asema kweli.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wassalaam.